Mhasibu wa ngazi ya kati: mpime kwa kufunga mwezi

Swali: Ninaongoza ofisi ya watu 30 hivi. Mhasibu tuliyemwajiri mwaka jana alikuwa na shahada nzuri na miaka 6 ya kazi, lakini taarifa za mwezi zilichelewa kila mara, na wakaguzi walipokuja walikuta akaunti za benki hazijalinganishwa kwa miezi kadhaa. Ameshaondoka. Tumetangaza nafasi upya, mhasibu wa ngazi ya kati wa kufanyia kazi ofisini, na maombi yamepita 100. Kwenye karatasi wote wanafanana. Mimi si mhasibu. Nitamtambuaje anayeijua kazi?

Jibu: Yaweke kando maombi hayo kwa siku mbili, uandike kwanza kazi yenyewe. Ofisi nyingi hutangaza nafasi ya "mhasibu" bila kusema mhasibu wa kufanya nini, halafu hulalamika mtu akifanya nusu ya kile walichokuwa nacho kichwani. Karani wa hesabu huingiza ankara, huandaa vocha, hushika petikeshi (fedha taslimu za matumizi madogomadogo) na kupanga majalada. Mkuu wa fedha huamua sera, hubeba bajeti, hukaa na benki na wakaguzi. Wa ngazi ya kati yuko hapo katikati, na kipimo chake ni kimoja: anafunga mwezi mwenyewe. Mwezi unapoisha anapokea vitabu vikiwa na mapengo. Siku chache baadaye anakukabidhi urari uliosimama (orodha ya salio za akaunti zote, debiti na krediti zikilingana), taarifa ya mapato na matumizi, na mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, ambayo kila salio lake lina karatasi nyuma yake inayoonyesha limetoka wapi. Asiyeweza hilo ni karani aliyepewa cheo, hata awe na vyeti vya kujaza ukuta.

Inaelekea huyo aliyeondoka alikuwa wa namna hiyo. Miaka 6 ya kazi inaweza kuwa mwaka mmoja uliorudiwa mara 6, mtu akiingiza ankara zilezile huku mwingine akifunga hesabu. Utafiti wa uajiri unaelekea hukohuko: mwaka 2022 mwanasaikolojia wa kazi Paul Sackett na wenzake walipopitia upya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, usaili wa maswali yaliyopangwa na mitihani ya ujuzi wa kazi ilikuwa miongoni mwa njia zilizobashiri utendaji vizuri zaidi, na miaka ya uzoefu ilikuwa karibu na mkiani. Kwa hiyo nguvu zako nyingi ziende kwenye jaribio na maswali, na zile kurasa za wasifu zipewe uzito mdogo kuliko ulivyozoea.

Andika kazi kwa tarehe na kwa wingi

Maneno kama "kusimamia masuala yote ya fedha" hayamwambii mwombaji chochote. Mwandikie kalenda. Kwa ofisi ya ukubwa wako, kalenda ya kufunga mwezi inaweza kwenda hivi: kufikia siku ya 2 ya kazi, ankara na stakabadhi zote za mwezi uliopita zimeingia na mwezi huo umefungwa usiingizwe kitu kingine. Siku ya 3, akaunti zote za benki na petikeshi zimelinganishwa. Siku ya 4, orodha za wadaiwa na wadai, zikiwa zimepangwa kwa umri wa deni, zinakubaliana na leja kuu, kitabu chenye akaunti zote. Siku ya 5 ni ya mishahara na makato yake, uchakavu (thamani ya mali inayopungua kwa kutumika), malimbikizo (gharama zilizotokea lakini hazijalipwa) na gharama zilizolipwa kabla. Siku ya 6 na ya 7 ni za mapitio na kusahihisha. Siku ya 8 taarifa iko mezani kwako. Ongeza tarehe za kisheria za kuwasilisha kodi na michango ya wafanyakazi, kwa sababu hizo zikipita faini hailali.

Kisha taja wingi. Una akaunti ngapi za benki, miamala mingapi kwa mwezi, watu wangapi kwenye orodha ya mishahara, sarafu ngapi, programu gani ya hesabu? Miamala 150 kwa mwezi na miamala 3,000 ni kazi mbili tofauti, na mwombaji makini akiona idadi hizo atajichuja mwenyewe. Taja pia kiwango cha mshahara, walau cha chini na cha juu. Ukikificha utapoteza wiki 3 kwa mtu ambaye asingekubali tangu mwanzo.

Usimrundikie mhasibu manunuzi, mapokezi, rasilimali watu na stoo katika nafasi moja. Zaidi ya kumchosha, unampa mtu mmoja mamlaka ya kuagiza, kupokea, kulipa na kuandika, na hapo ndipo fedha hupotelea. Nitalirudia jambo hili mbele.

Kuhusu kufanyia kazi ofisini, sema wazi na utoe sababu. Sababu za kweli zipo: hati halisi zinazohitaji kuonwa na kupigwa mhuri, fedha taslimu za kuhesabiwa, wafanyakazi wanaokuja na maswali ya makato yao, wakaguzi wanaotaka jalada lililo kabatini. Waombaji wengi wazuri wamezoea sasa kufanya sehemu ya kazi wakiwa nyumbani. Kama hamruhusu hata siku moja, waambie kwenye tangazo. Waambie pia kwamba siku zile 7 za kufunga mwezi huenda wakachelewa kutoka. Anayejua kazi hatashtuka.

Kuchuja maombi 100 bila kujua uhasibu

Angalia vitenzi. "Nilishiriki katika kuandaa taarifa za fedha" na "nilisaidia ulinganisho wa benki" ni maneno ya mtu aliyekaa kando ya kazi. "Nilifunga hesabu za mwezi za matawi 2, akaunti 5 za benki, kufikia siku ya 6" ni maneno ya mtu aliyeshika kazi, na ni maneno unayoweza kuyahakiki. Mtu asiye na namba hata moja kwenye wasifu wake, naye anaomba kazi ya namba, mweke chini kwenye rundo.

Barua za maombi zisikuchukulie muda. Siku hizi programu za akili mnemba huziandika vizuri kwa kila mtu. Badala yake chagua watu 20 au 25 waliovuka masharti ya msingi, uwatumie maswali matatu wayajibu kwa maandishi ndani ya siku 2. La kwanza: mwezi wa mwisho ulioufunga mwenyewe ulifungwa siku ya ngapi ya kazi, na hatua gani ndiyo iliyochelewesha? La pili: kati ya hesabu ulizozishika, salio gani kwenye mizania lilikuwa gumu kulielezea, na kwa nini? La tatu: taja marekebisho moja ambayo wakaguzi waliyafanya kwenye hesabu zako na kilichobadilika katika utendaji wako baada ya hapo.

Soma majibu ukitafuta vitu vinavyoshikika. Aliyefanya kazi atakuambia kwamba kilichochelewesha ni ankara za wasambazaji kufika siku ya 5, au idara fulani kutoleta hesabu za safari, na kwamba ilibidi aanze kulimbikiza gharama kwa kutumia hati za manunuzi. Ambaye hakuifanya atakuambia habari za umuhimu wa kufanya kazi kwa pamoja. Atakayedai kwamba wakaguzi hawakuwahi kumrekebishia kitu, ama alifanya kazi kwa muda mfupi sana, ama hakuwa na hesabu zake mwenyewe. Hapo utabaki na watu 6 hadi 8.

Cheti cha taaluma kikaguliwe kabla ya kuwaita. Bodi za uhasibu hutunza rejista ya wanachama wao, na nyingi zimeiweka kwenye tovuti. Tafuta jina, na zaidi ya jina angalia hadhi: mwanafunzi, aliyemaliza mitihani, au mwanachama kamili. Tofauti yake ni kubwa. ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, kwa mfano, haimpi mtu uanachama kwa mitihani peke yake. Inadai pia miezi 36 ya uzoefu wa kazi uliothibitishwa. Kwa nafasi yako mtu aliye katikati ya mitihani anafaa kabisa, ili mradi aliandika ukweli. Aliyejipandisha hadhi kwenye wasifu aondolewe hapohapo, bila kujali ubora wa mengine.

Jaribio la dakika 90

Hapa ndipo utakapomjua mtu. Mwite ofisini, mpe kompyuta yenye programu ya majedwali na kikokotoo, mpe dakika 90. Usimpe tatizo lenu halisi ambalo hamjalitatua, maana hiyo ni kumfanyisha kazi bure na wazuri hulitambua mara moja. Usimpe pia jaribio la kwenda nalo nyumbani. Hutajua nani alilifanya.

Sehemu ya kwanza ni ulinganisho wa benki. Tengeneza daftari la fedha na taarifa ya benki, kila moja ikiwa na mistari 60 hivi. Salio la daftari liwe 4,250,000 na la benki liwe 5,010,000. Ndani yake ficha mambo matano. Hundi za jumla ya 1,180,000 zimetolewa lakini waliopewa hawajazipeleka benki. Fedha 390,000 zilipelekwa benki jioni ya siku ya mwisho na hazijaonekana kwenye taarifa. Benki imekata ada ya 45,000. Mteja ameweka 42,000 moja kwa moja benki bila kuwaarifu. Na malipo ya 63,000 kwa msambazaji yameandikwa kwenye daftari kuwa 36,000.

Jibu sahihi ni 4,220,000 pande zote mbili. Upande wa benki: 5,010,000 toa 1,180,000 jumlisha 390,000. Upande wa daftari: 4,250,000 toa 45,000, toa 27,000 ya kosa la tarakimu, jumlisha 42,000. Lakini usiishie kwenye jibu. Mwombe aandike maingizo yanayotakiwa kwenye vitabu. Yanapaswa kuwa matatu tu: ada ya benki, fedha za mteja, na sahihisho la malipo ya msambazaji. Hundi ambazo hazijafika benki na fedha zilizo njiani haziingizwi popote, kwa sababu kwenye daftari tayari zimo. Ni benki ambayo bado haijaziona. Mwombaji anayeziandikia ingizo jipya anajua kujaza fomu ya ulinganisho bila kuelewa inafanya nini. Hilo peke yake linatosha kumtoa kwenye nafasi ya ngazi ya kati.

Mtazame pia anavyolitafuta lile kosa la 27,000. Tarakimu mbili zikipinduliwa, tofauti inayobaki hugawanyika kwa 9 bila masalio, na 27,000 hugawanyika. Mhasibu aliyekomaa akiona tofauti kama hiyo hujaribu kuigawa kwa 9 kabla hajaanza kupekua mstari kwa mstari. Asiyejua hila hiyo asiadhibiwe akipata jibu kwa njia nyingine. Wa kuogopwa ni yule anayeshindwa kuipata akaitupa 27,000 kwenye akaunti ya muda (ya kuwekea kiasi kisichojulikana kilikotoka), au akaibatiza "tofauti nyinginezo", ili pande zilingane. Huyo ndiye atakayekuachia miezi isiyolinganishwa.

Sehemu ya pili ni marekebisho ya mwisho wa mwaka. Mwambie mwaka unaishia 31 Desemba na rasimu inaonyesha faida ya 2,150,000 kabla ya kodi. Mpe mambo matatu. Bima ya 1,200,000 ililipwa 1 Oktoba kwa miezi 12 na yote imewekwa kwenye gharama. Ankara ya umeme wa Desemba ya 85,000 ilifika 15 Januari na haijaingizwa. Mashine ya 6,000,000 ilinunuliwa na kuanza kutumika 1 Septemba. Itatumika miaka 5, thamani yake ya masalia (inayobaki mwisho wa matumizi) ni 600,000, uchakavu ni wa kiasi sawa kila mwaka, na karani ameiingiza yote kwenye gharama za matengenezo.

Majibu ni haya. Bima: miezi 3 ni gharama ya mwaka huu, yaani 300,000, na 900,000 inahamia gharama zilizolipwa kabla. Umeme: 85,000 inaingizwa Desemba kama gharama na malimbikizo. Mashine: 6,000,000 inatoka kwenye matengenezo kwenda mali za kudumu, kisha uchakavu wa miezi 4. Chukua 5,400,000 ugawe kwa miaka 5, upate 1,080,000 kwa mwaka, na theluthi yake ni 360,000. Faida iliyorekebishwa ni 8,605,000.

Makosa utakayokutana nayo hapa yanafundisha. Anayekokotoa uchakavu wa mwaka mzima hakusoma tarehe, na atasoma ankara zako hivyohivyo. Anayesahau kutoa thamani ya masalia huenda alizoea kuiachia programu imfanyie. Anayekataa kuingiza umeme kwa kuwa ankara ni ya Januari bado anafikiri kwa fedha zilizolipwa, na mizania yako ya kila mwezi itakuwa na matundu. Usifukuze mtu kwa kosa moja la kujumlisha. Mfukuze kwa kutojua upande wa debiti na krediti kwenye ingizo la bima.

Sehemu ya tatu ni fupi kuliko zote, na ni hiyo ambayo wewe usiye mhasibu unaweza kuisahihisha vizuri kuliko yeyote. Mwambie akuandikie nusu ukurasa kukueleza kilichobadilika. Faida imeruka kutoka 2,150,000 hadi 8,605,000, na karibu yote imetokana na mashine moja iliyoandikwa pasipofaa. Mtu mzuri ataanza na hilo, ataliandika kwa lugha unayoielewa, ataeleza kwamba kodi ya mwaka itaguswa, na huenda akauliza kama kuna mali nyingine zilizofichwa kwenye matengenezo. Ukimaliza kusoma na bado hujui kwa nini faida imepanda, utakaa na mtu huyo kila mwezi bila kuelewa taarifa zake.

Kabla hajafunga kompyuta, angalia jedwali lake. Je, alibaki na nakala ya data ya mwanzo, au aliichezea hiyohiyo? Je, jumla zimeandikwa kwa fomula au kwa mkono? Je, ameweka mstari wa kuhakiki kwamba tofauti ni sifuri? Mwombe akuonyeshe anavyotumia SUMIFS, fomula ya kujumlisha kwa masharti, au anavyojumlisha wadaiwa kwa umri wa deni. Dakika 5 zinatosha.

Kwa kuwa kusahihisha maingizo kunahitaji jicho la fani, lipa mhasibu huru wa nusu siku. Mkaguzi wenu wa nje anaweza kutoa maoni kuhusu uwezo wa mwombaji, ila uamuzi ubaki wako kabisa. Maadili ya taaluma yake yanamzuia kubeba maamuzi ya menejimenti ya mteja anayemkagua.

Usaili

Baada ya jaribio watabaki 3 au 4. Waulizeni wote maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, na kila msaili aandike alama zake za 1 hadi 5 kabla hamjazungumza. Mkianza kuzungumza kwanza, alama za wote hufuata za bosi.

Muulize hivi: "Ofisi imepanga jengo kwa miaka 5. Utaiandikaje kodi ya pango kwenye vitabu?" Jibu zuri linaanza kwa swali: mnatumia viwango gani? Chini ya IFRS kamili (viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha), kiwango cha IFRS 16, kilichoanza kutumika 1 Januari 2019, kinamtaka mpangaji kuweka haki ya kutumia jengo upande wa mali na deni lake upande wa madeni. Chini ya kiwango cha IFRS cha biashara ndogo na za kati, pango la kawaida la ofisi linaendelea kuwa gharama ya kipindi husika. Mwombaji anayerukia jibu moja bila kuuliza anakumbuka somo. Anayeuliza anaijua kazi.

Muulize kama urari uliosimama maana yake hesabu hazina makosa. Ajibu hapana, na atoe sababu walau tatu: muamala ulioachwa kabisa, kiasi kisicho sahihi kilichoingizwa pande zote mbili, gharama iliyowekwa kwenye akaunti isiyo yake, au makosa mawili yaliyofutana.

Muulize atafanya nini msambazaji wa siku nyingi akituma barua pepe kusema amebadilisha akaunti ya benki. Unatafuta jibu moja: atampigia simu kwa namba iliyo kwenye jalada, asitumie ile iliyo kwenye barua pepe hiyo, na badiliko litaidhinishwa na mtu wa pili kabla ya malipo. Udanganyifu wa namna hii umezikuta ofisi kubwa na ndogo, na mara nyingi fedha zikishatoka hazirudi. Asiyewahi kulisikia jambo hili anaweza kufundishwa. Anayeona si kazi yake, hapana.

La mwisho ni zito zaidi. "Ni Desemba. Mimi bosi wako nakuambia ankara hii ya gharama ya 3,000,000 uiingize Januari, ili benki ione faida nzuri. Utafanya nini?" Atakayesema "nitafanya utakavyo" atamtii pia mwingine atakayemwomba jambo baya zaidi, na siku hiyo wewe hutakuwepo. Atakayetoa hotuba ya maadili bila hatua yoyote hajawahi kukutana na hali hiyo. Sikiliza kama atasema gharama ni ya kipindi ilichotokea, kwamba benki ikiletewa taarifa isiyo ya kweli matatizo yatakuangukia wewe mkopaji, na kwamba anaweza kukusaidia kuandaa maelezo ya kweli ya faida ya mwaka pamoja na mtiririko wa fedha wa miezi ijayo. Kukataa huku akikupa njia nyingine: huyo mshike.

Jambo moja zaidi. Akija na taarifa halisi za fedha za mwajiri wake wa zamani ili akuonyeshe kazi yake, mshukuru na usizifungue. Zako nazo zitakuja kuonyeshwa kwa mwingine.

Wadhamini

Usipige tu namba aliyokuandikia. Tafuta namba ya ofisi ya kampuni husika na uombe kuunganishwa na msimamizi wake wa zamani, baada ya mwombaji kukupa ruhusa kwa maandishi. Mwajiri wake wa sasa asiguswe mpaka umempa ofa na amekubali upige. Watu wamewahi kupoteza kazi kwa simu ya mapema. "Ni mtu mzuri?" ni swali la kupoteza muda. Uliza alifunga mwezi siku ya ngapi, alishika akaunti ngapi za benki, wakaguzi walimrekebishia nini, alikabidhi vipi alipoondoka, na kama wangemwajiri tena. Msimamizi akisita kwenye swali la mwisho, nyamaza na umpe nafasi aendelee.

Ulinzi usiomtegemea mtu

Hata ukimpata bora, usijenge ofisi inayotegemea uaminifu wake peke yake. Kazi nne zisikae mkononi mwa mtu mmoja: kuidhinisha, kulipa, kuandika na kulinganisha. Ofisi ya watu 30 haina watu wa kutosha idara ya fedha, kwa hiyo wewe uchukue sehemu. Kwenye benki ya mtandaoni mhasibu awe mwandaaji na wewe muidhinishaji, kila mmoja na nywila yake, na yako usimwachie hata siku unaposafiri; teua muidhinishaji wa pili. Taarifa ya benki ikufikie wewe moja kwa moja kutoka benki, nawe uipitie kwa dakika 10 kabla hujaisoma ya kwake. Orodha ya mishahara isainiwe na mtu anayewajua wafanyakazi kwa sura. Na mhasibu aende likizo ya siku 10 za kazi mfululizo kila mwaka, mwingine akishika kazi zake, kwa kuwa mambo mengi yaliyofichwa huhitaji mfichaji awepo kila siku.

Mweleze haya yote wakati wa usaili. Mhasibu makini hufurahia, maana ulinzi huo unamkinga na lawama.

Makabidhiano na miezi 3 ya kwanza

Kwa kuwa wa zamani ameondoka akiacha akaunti zisizolinganishwa, usimkabidhi mpya vitabu hivyo kana kwamba ni safi. Wekeni tarehe ya makabidhiano. Andikeni salio la kila akaunti siku hiyo, lipi lina ushahidi na lipi halina, kodi zipi zimewasilishwa, nani anadai na nani anadaiwa, nywila gani zimebadilishwa. Wewe na mhasibu mpya msaini. Kazi ya kusafisha miezi ya nyuma ipangiwe muda wake peke yake, au alipwe mtu wa nje aifanye. Ukiichanganya na kazi ya kila siku hutajua kama mhasibu mpya anachelewa kwa uzembe au kwa uchafu alioukuta. Waajiri wengi huwapoteza watu wazuri hapa, kwa kuwalaumu kwa makosa ambayo hawakuyafanya.

Mwezi wa kwanza usitegemee siku ya 8. Afunge kufikia siku ya 12 hivi, yule mhasibu huru akipitia. Mwezi wa pili afunge mwenyewe kufikia siku ya 10, nawe uchague salio 5 kwenye mizania bila kumwarifu mapema na uombe karatasi zake. Mwezi wa tatu iwe siku ya 8. Kila mwezi muulize ni nini kimegoma na nani anamchelewesha, kisha umsaidie kwa hilo lililo nje ya uwezo wake. Mkuu wa idara asiyeleta stakabadhi hatamsikiliza mhasibu mgeni kama hajasikia kwako kwanza.

Uamuzi wa kumthibitisha ufanye wiki 2 kabla kipindi cha matazamio hakijaisha, ukiwa na ulinganisho wa benki wa miezi mitatu mezani. Soma mistari ya vitu ambavyo havijalingana. Hundi au tofauti iliyokaa kwenye orodha kwa miezi yote mitatu bila maelezo, muulize. Akikuambia hiyo ni ya nani, amempigia nani na lini, na anasubiri nini, mpe barua yake ya kuthibitishwa. Akisema atalifuatilia, ongeza muda wa matazamio kama mkataba unaruhusu, na umpe tarehe.